Chama kinachowafaa wasio wanachama

Na Mwandishi Wetu

Kichwa cha duara kisichogusa mwili, mabega yaliyopindwa vizuri, mikono iliyonyooka ubavuni, miguu miwili. Pembeni yake yupo mwenzake wa umbo lile lile, ila yeye amevaa gauni. Kila msomaji wa gazeti hili amewahi kuwatafuta wawili hawa kwa haraka, uwanja wa ndege, hospitalini au hotelini, na alipowaona hakuhitaji kusoma neno lolote ili ajue mlango wake ni upi.

Alama za namna hii zilikuwapo tangu zamani, kila mahali na za kwake. Lakini sura hii tuliyoizoea, iliyoenea dunia nzima, ilichorwa Marekani mwaka 1974 na Roger Cook na Don Shanosky. Waliowapa kazi hiyo na kuisimamia hatua kwa hatua walikuwa chama cha kitaaluma cha wasanifu wa michoro wa nchi hiyo, AIGA.

Chama cha wataalamu kwetu hujulikana kwa mambo matatu: ada, kitambulisho na mkutano mkuu wa mwaka ambao nusu ya muda huishia kwenye posho. Wasanifu wa michoro, hawa ambao mitaani tunawaita madizaina, wanaotutengenezea nembo, lebo, mabango na kadi za harusi, nao kila baada ya muda husikika wakisema wanahitaji chama chenye nguvu. Wana haki ya kukitaka. Ila historia ya AIGA, iliyopita miaka 110 sasa, inaonyesha nguvu hiyo hutoka wapi. Imetoka zaidi kwenye kazi chache zinazotumiwa kila siku na watu ambao hawajawahi kulisikia jina la chama hicho.

Nusu karne ya kutunukiana

AIGA ilianzishwa New York mwaka 1914, chini ya mbawa za klabu ya wasanii iitwayo National Arts Club. Rais wake wa kwanza, William B. Howland, alikuwa mchapishaji na mhariri wa jarida la The Outlook. Waliomzunguka walikuwa watu wa vitabu: wapiga chapa, wachora herufi, wachapishaji. Kompyuta ilikuwa haijaja, herufi zilikuwa za risasi, na fundi mzuri alitambulika kwa mpangilio wa ukurasa na ubora wa wino.

Kazi yao ya mwanzo ilikuwa maonyesho na nishani. Nishani ya kwanza ilitolewa mwaka 1920 kwa Norman T. A. Munder, mpiga chapa wa Baltimore. Mwaka 1923 wakaanza kuchagua vitabu 50 vilivyosanifiwa vizuri zaidi kwa mwaka, desturi iliyodumu vizazi kadhaa. Kazi hizo zilikuwa na faida yake. Kijana anayejifunza hupata kuona kazi bora ikoje, na mchapishaji anayebana matumizi huona jirani yake akisifiwa kwa kutobana. Hata hivyo, kwa mtu wa mtaani chama kilikuwa bado klabu ya mabwana wanaotunukiana. Kilichobadilisha hali hiyo ni maombi kutoka serikalini.

Kutazama kabla ya kuchora

Kufikia miaka ya 1970, safari za ndege zilikuwa zimeongezeka sana na abiria walikuwa wakizungumza lugha za kila namna. Kila uwanja ulikuwa na alama zake. Mgeni alijifunza alama za uwanja mmoja, akafika mwingine akaanza upya. Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ikaiomba AIGA itengeneze seti moja ya alama za kutumika kote.

Chama kiliunda kamati chini ya Thomas Geismar, ambaye kampuni yake ilikwisha kuchora nembo za Mobil na benki ya Chase. Ndani yake alikuwamo pia Massimo Vignelli, msanifu wa ramani ya treni za chini ya ardhi za New York ya mwaka 1972, pamoja na Seymour Chwast, Rudolph de Harak na John Lees. Watu wa aina hiyo wangeweza kukaa mezani na kuchora alama mpya kwa wiki chache. Wao walianza kwa kukusanya alama zilizokwisha kutumika katika viwanja vya ndege, reli na michezo ya Olimpiki, wakaziweka pamoja kwa kila huduma, kisha wakazipima moja moja.

Vipimo vilikuwa vitatu. Je, mtu wa utamaduni mwingine, mzee au mtoto, ataielewa maana yake? Je, inaafikiana na alama nyingine za seti, kama ndugu wa nyumba moja? Je, itaonekana kwa mbali, kwenye mwanga hafifu, ikiwa ndogo au imechakaa? Baada ya hapo ndipo Cook na Shanosky walipochora. Alama 34 zilitoka mwaka 1974, na 16 zikaongezwa mwaka 1979, jumla 50: teksi, basi, simu, huduma ya kwanza, uhamiaji, forodha, mizigo iliyopotea, usivute sigara.

Kamati ilikuwa na ujasiri wa kusema pia pale alama zinaposhindwa. Ripoti yake ilieleza kwamba picha hufanya kazi vizuri kwa kitu kinachoshikika, kama basi au glasi ya kinywaji, na huyumba inapotakiwa kueleza shughuli yenye hatua nyingi, kama kununua tiketi. Wataalamu walioajiriwa kuchora alama walimwambia mteja wao, kwa maandishi, kwamba alama haziwezi kila kitu.

Kisha likafuata jambo lililozifanya zifike kwetu: hazikuwekewa hakimiliki. Fundi wa mabango wa Mbagala au Kisumu anaweza kuzichapa leo bila kuomba ruhusa na bila kulipa hata senti. Chama kilipoteza mapato ambayo kingeweza kuyapata, na badala yake kazi yake ikasambaa kuliko kazi ya msanifu yeyote mwenye nishani.

Karatasi iliyopoteza kura

Miaka 26 baada ya alama zile za kwanza, tarehe 7 Novemba 2000, Wamarekani walijifunza kwa uchungu kwamba mpangilio wa karatasi ni jambo la dola. Katika wilaya ya Palm Beach, jimbo la Florida, majina ya wagombea urais yaligawanywa katika kurasa mbili zinazotazamana, na matundu ya kutoboa yakapangwa katikati. Kwa umbo hilo karatasi ikaitwa kipepeo. Jina la Al Gore lilikuwa la pili upande wa kushoto, lakini tundu lake lilikuwa la tatu. Tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, aliyeandikwa ukurasa wa kulia.

Buchanan alipata zaidi ya kura 3,400 wilayani humo, nyingi kupita alizopata katika wilaya nyingine yoyote ya Florida, na mwenyewe akakiri hadharani kwamba nyingi huenda hazikuwa zake. Karatasi nyingine zaidi ya 19,000 zilitupwa kwa sababu zilitobolewa zaidi ya mara moja kwenye kinyang'anyiro cha urais. George W. Bush alishinda Florida kwa kura 537, na kwa Florida akapata Ikulu.

Kinachouma zaidi ni kwamba ofisa aliyeipanga karatasi ile alikuwa na nia njema. Majina yalikuwa mengi, wapigakura wa Palm Beach wengi ni wazee, na yeye alitaka herufi ziwe kubwa. Ndiyo maana majina yakahitaji kurasa mbili. Alitatua tatizo moja na kuzaa jingine, kwa kuwa hakukuwa na utaratibu wa kuwapa wapigakura wachache waijaribu karatasi kabla ya siku yenyewe.

Hapo mradi wa AIGA uitwao Design for Democracy ukapata kazi. Chicago, timu ya Marcia Lausen, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini humo, ilishirikiana na maofisa wa uchaguzi wa wilaya ya Cook kusanifu upya karatasi, mabango ya vituoni na fomu. Juni 2007 tume ya taifa inayozisaidia mamlaka za uchaguzi ilitoa mwongozo uliotokana na kazi ya mradi huo. Ushauri wenyewe ni wa kawaida kabisa: usiandike majina yote kwa herufi kubwa, kwa sababu herufi ndogo husomeka kwa urahisi zaidi, anza mistari upande wa kushoto badala ya kuipanga katikati, tumia aina moja ya herufi zisizo na mapambo, maelekezo yawe kwa lugha nyepesi, yenye michoro inayoonyesha hatua halisi, rangi itumike kueleza jambo, isitumike kupendezesha. Dizaina yeyote wa mwaka wa pili chuoni anayajua haya. Tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na chama kilichoyabeba hadi kwenye meza ya wenye mamlaka na kuyaacha pale kwa lugha ambayo ofisa wa uchaguzi anaweza kuitumia.

Afrika Mashariki tuna historia yetu katika jambo hili. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa wabunge wa Tanzania Bara chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa jimbo walipewa alama mbili: jembe na nyumba. Katika nchi ya wakulima, swali kama jembe halimbebi aliyepewa ni swali la usanifu wa michoro kabla ya kuwa la siasa. Kenya nako, kwenye kura ya maoni ya Novemba 2005, tume iliupa upande wa Ndiyo ndizi na upande wa Hapana chungwa. Chungwa likashinda, likageuka jina la chama, na mpaka leo ODM inatembea nalo. Alama iliyochaguliwa ili kurahisisha kupiga kura imekaa katika siasa za Kenya kwa zaidi ya miaka 20. Ilipofika kura ya maoni ya mwaka 2010, yakatumika rangi, kijani kwa Ndiyo na nyekundu kwa Hapana.

Bei haipangwi na chama

Ukimuuliza dizaina wa Kariakoo au wa River Road anataka chama kimfanyie nini, jibu la kwanza litakuwa bei. Kampuni inatangaza shindano la nembo, watu mia wanatuma kazi, mmoja anapewa zawadi, waliobaki wamechoma usiku na bando lao bure. Hakuna anayewaambia mafundi cherehani kumi wamshonee suti kumi ili alipe moja itakayomkaa, lakini kwa nembo watu wenye heshima zao hufanya hivyo bila haya.

AIGA kwa miaka mingi imewashauri wanachama wasifanye kazi ya kubahatisha malipo, na hoja yake haijaishia kwenye tumbo la msanifu. Inamwambia mteja kwamba naye anapunjwa: anayechora bila kukutana naye, bila kumuuliza wateja wake ni akina nani na bidhaa inauzwa wapi, humpa mchoro wa kukisia.

Lakini chama hicho hakijaweka bei elekezi, na hapa wenzetu wengi hujikwaa. Marekani, washindani wakikaa pamoja na kukubaliana bei huvunja sheria ya ushindani, hata kama kikao chao kinaitwa chama cha kitaaluma. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliwaambia hivyo hivyo mawakili wa Virginia waliokuwa na kiwango cha chini cha ada. Kwetu mambo hayatofautiani sana. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2010 zote zinakataza washindani kupanga bei, na ya Kenya inazitaka taasisi za wataalamu ziombe msamaha maalumu pale kanuni zao zinapobana ushindani. Dizaina anayeota chama kitakachotangaza kwamba nembo isishuke kiasi fulani anaota kesi.

AIGA ilizunguka kwa njia mbili halali. Ya kwanza ni taarifa: kuanzia mwaka 2000 na kwa miaka mingi iliyofuata ilichapisha matokeo ya uchunguzi wa mishahara ya wasanifu, ili kijana anayeitwa kwenye usaili ajue wenzake wanalipwa nini. Ya pili ni mkataba. Chama kiliandaa sampuli ya makubaliano ambayo msanifu huichukua na kuijaza, yenye vipengele vya malipo ya awali, idadi ya marekebisho, nini kifanyike mteja akighairi, na nani anamiliki kazi ikikamilika.

Kipengele hicho cha mwisho kina uzito wa pekee kwetu. Kwa sheria ya Marekani, msanifu wa kujitegemea kwa kawaida hubaki na hakimiliki mpaka aiachie kwa maandishi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaelekea upande mwingine: kazi iliyoagizwa huhesabiwa kwamba hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pawepo makubaliano tofauti. Dizaina wa Nairobi anayekubaliana na mteja kwa simu na kutumiwa advansi kwa M-Pesa, bila karatasi yoyote, ameshaachia kazi yake kabla hajafungua kompyuta. Sampuli ya mkataba wa kurasa mbili, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ingemsaidia kuliko maazimio ya mikutano kumi.

Kufuli la sheria

Wapo wanaotaka zaidi: bodi ya kusajili wasanifu wa michoro kama iliyopo kwa wasanifu majengo. Mfano wa karibu na ombi hilo uko Kanada. Mwaka 1996 Bunge la jimbo la Ontario lilipitisha sheria inayokipa chama cha huko haki ya kutoa cheo cha msanifu wa michoro aliyesajiliwa, na asiyekipata kwa kufuzu haruhusiwi kukitumia.

Sheria hiyo inalinda cheo tu. Kazi yenyewe imebaki wazi, na mtu yeyote wa Toronto anaweza kuamka kesho akachora nembo na kulipwa. Sababu ni nyepesi kueleweka: ghorofa likisanifiwa vibaya linaua, nembo mbaya inachukiza tu. Ukimkataza kijana aliyejifunza mwenyewe kwa kompyuta ya kuazima asichore fulana za timu ya mtaani, umelinda kipato cha wachache na hukumwokoa mtu yeyote. Kwa hiyo hata penye sheria, cheo hupata thamani pale tu mteja anapoona mwenye nacho anafanya kazi tofauti.

Waliochelewa kuonekana

AIGA haikuwa malaika. Mwaka 1987 msanifu Mmarekani mweusi, Cheryl D. Miller, aliandika katika jarida la Print makala kali kuhusu kutokuwapo kwa weusi katika fani hiyo. Miaka minne baadaye chama kiliitisha kongamano kujadili kwa nini asilimia 93 ya wasanifu wa michoro nchini humo walikuwa Wazungu. Nishani ilikuwa ikitolewa tangu 1920, lakini Georg Olden, mweusi aliyeongoza michoro ya televisheni ya CBS na kusanifu stempu ya mwaka 1963 ya kuadhimisha miaka 100 ya tangazo la kuwaachia huru watumwa, aliipata mwaka 2007, miaka 32 baada ya kufa. Miller mwenyewe aliipokea mwaka 2021.

Na fedha nazo zilikibana. Katikati ya miaka ya 2010 chama kiliuza jengo lake la Fifth Avenue mjini New York, uamuzi uliowakera wanachama wengi wa siku nyingi. Kijana wa leo anayepata mafunzo, wateja na sifa kupitia simu yake huuliza, kwa haki, ada ni ya nini.

Jibu moja ni kumbukumbu. Hazina ya kazi zilizochaguliwa na AIGA imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Denver. Ukitaka kujua nani alisanifu kitabu fulani cha miongo mingi iliyopita, kuna mahali pa kuuliza. Watanzania wanajua kukosa mahali hapo kunagharimu nini. Mwaka 2017 waandishi wa habari walimkuta Dar es Salaam mzee Francis Kanyasu, aliyejulikana kama Ngosha, akiishi katika ufukara na akisema ndiye aliyechora nembo ya Taifa, ile tunayoiita Bibi na Bwana. Alifariki dunia Mei mwaka huo. Zikasikika pia sauti zilizomtaja mtu mwingine kuwa mchoraji. Nembo iko kwenye noti, hati za kusafiria na kuta za kila ofisi ya umma, na wananchi walibaki wakibishana kuhusu mkono uliochora.

Tuanzie wapi

Dar es Salaam na Nairobi hazina upungufu wa vipaji. Ukitembea barabarani utaona lori lenye maandishi yaliyopangwa vizuri kuliko ripoti ya wizara. Kinachokosekana ni kundi la watu walio tayari kuchukua tatizo moja la umma na kulimaliza bila kusubiri tenda.

Matatizo yenyewe yanajulikana. Mgonjwa anayefika hospitali ya rufaa kwa mara ya kwanza huuliza njia watu wanne kabla ya kufika maabara. Fomu za serikali humwachia mtu nafasi ya sentimita mbili aandike majina yake matatu. Maelekezo ya dozi kwenye bahasha ya dawa hukosewa na yule yule asiyejua kusoma vizuri. Madizaina 15 wakichagua hospitali moja, wakakusanya alama zilizopo kama alivyofanya Geismar, wakachora, wakawajaribisha wagonjwa halisi, wakarekebisha, kisha wakaziachia alama hizo bure kwa hospitali yoyote inayozitaka, wataondoka na vitu ambavyo mkutano wa katiba hautoi: ushahidi kwamba kazi yao hupimika, na mganga mkuu wa kuwasemea wizarani.

Baada ya hapo ndipo waandike katiba, wafungue akaunti ya benki na kuomba usajili. Ada nayo italipika, kwa sababu kijana atakayeambiwa alipe atakuwa ameshaiona kazi hiyo siku alipompeleka mama yake kliniki. Kikundi kinachoanza na uchaguzi wa mwenyekiti hutumia mwaka wa kwanza kumchagua na wa pili kumng'oa, na mgonjwa anaendelea kuuliza njia.